Chini Dawa, Juu Nyumba: Historia ya Dispensari ya Ithnasheri, Unguja

Ukiteremka boti ya Dar es Salaam, ukatoka lango la bandari ya Malindi na kuifuata njia ya Mizingani kwenda Forodhani, bahari itakuwa kuliani kwako na jengo hili litakutokea kushotoni kabla hujatoa jasho. Halihitaji kibao. Roshani zake za mbao zimetobolewa nakshi nyembamba mithili ya kofia ya viua, na vioo vyake vya rangi huonekana tangu mtu bado yuko majini. Wageni husimama papo hapo na mizigo yao mgongoni, wakapiga picha, wakapita.

Ramani huliandika Dispensari Kongwe. Watu wa mjini wamezoea kuliita Dispensari ya Ithnasheri. Hilo jina la pili lina kichekesho ndani yake, kwa sababu aliyelijenga hakuwa Ithnasheri, na wala hakukusudia dispensari. Alikuwa Khoja, yaani Mwislamu wa Kishia mwenye asili ya Kihindi, wa tawi la Kiismailia, na alichokitaka kilikuwa hospitali. Hospitali ile haikufunguliwa. Iliyofunguliwa ni dispensari, kwa mkono wa watu wengine, na mji ukawapa jina wale waliotoa dawa, si yule aliyetoa mawe. Kwa maoni yangu mji haukukosea, ingawa haki ya mwenye mawe nayo tutaitaja hapa kwa urefu wake.

Mji tajiri, mji mgonjwa: kabla ya 1887

Zanzibar ya karne ya 19 ilikuwa na fedha nyingi na afya kidogo. Pepo za kaskazi zilileta majahazi kutoka Bara Hindi, Uarabuni na Ghuba, na kusi ikayarudisha yakiwa yamesheheni pembe, karafuu na sandarusi. Watumwa nao walipitishwa hapa, wakauzwa hapa, mpaka soko lao lilipofungwa mwaka 1873. Mji uliojaa watu kiasi hicho, wenye visima vifupi na ufukwe uliokuwa jaa la kila kitu, haukuweza kukwepa maradhi. Mvumbuzi na mmisionari David Livingstone alipopita mwaka 1866 aliutungia mji jina la kejeli kwa ajili ya uvundo wake. Miaka mitatu baadaye, 1869 na 1870, kipindupindu kiliingia na kuua maelfu. Daktari wa Kiskoti aliyekuwa akifanya kazi hapa, James Christie, alikifuatilia kipindupindu hicho njia kwa njia, tangu Uarabuni hadi misafara ya bara, na mwaka 1876 akakitolea kitabu kizima.

Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870, alipata somo. Alivuta maji ya chemchemi kwa mabomba hadi mjini, na watu wakapata kunywa maji yasiyotoka kisimani kando ya choo. Hiyo pengine ndiyo dawa kubwa kuliko zote zilizowahi kutolewa Unguja, na haikutoka kwa daktari.

Tiba yenyewe ilikuwa ya kila mtu na kwao. Palikuwa na mganga wa shamba na mizizi yake. Palikuwa na mwalimu wa chuo aliyeandika kombe kwa zafarani kwenye sahani, likaoshwa na mgonjwa akalinywa. Madukani, kwa Wahindi, ulipata sanamaki ya kuharisha, shubiri, uwatu, habasoda, mvuje wa tumbo la mtoto, na muuzaji mwenyewe ndiye aliyekuwa tabibu wako: ulimweleza, akapima, akafunga karatasini. Wamisheni walikuwa na madaktari wao, balozi za Ulaya vilevile. Lakini fukara, awe mchukuzi wa bandarini, baharia aliyeachwa na chombo chake au mwanamke aliyekuja mjini kutafuta kazi, hakuwa na mlango wake mwenyewe wa kugonga. Haja hiyo ndiyo iliyozaa jengo.

Mkuu wa forodha na jiwe lake: 1887 hadi 1894

Tharia Topan alizaliwa Kachchh, magharibi ya Bara Hindi, na alifika Zanzibar angali kijana asiye na kitu. Alipanda kwa njia ya biashara mpaka akafikia cheo kilichokuwa, baada ya usultani wenyewe, kizito kuliko vyote: mwaka 1876 alichukua ijara ya forodha. Maana yake ni kwamba alimlipa Sultani kiasi maalumu cha fedha kwa mwaka, kisha ushuru wa kila shehena iliyoingia na kutoka ukawa wake kuukusanya. Ukipata zaidi ya ulicholipa, faida yako. Ukipungukiwa, shauri yako. Yeye hakupungukiwa. Mwaka 1875, mwaka mmoja kabla ya hapo, alikuwa tayari amefuatana na Barghash katika safari ya Uingereza, na baadaye Malkia Victoria alimpa cheo cha Sir.

Vijitabu vya kumbukumbu hupenda kuishia hapo, kwenye ukarimu wa tajiri. Tuongeze lililobaki. Tharia alikuwa mkopeshaji mkuu wa misafara. Bidhaa alizokwenda nazo bara Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, nguo, shanga na bunduki, zilitoka kwake kwa mkopo, na deni lililipwa kwa pembe. Kila pembe ilifika pwani juu ya bega la mtu, na wengi wa watu hao hawakuwa wamejichagulia safari. Kwa hiyo fedha iliyonunua chokaa na boriti za jengo hili ilikuwa na jasho la watu ambao kamwe hawakuona roshani zake. Hilo halifuti sadaka yake, ila ndani ya historia kamili halina budi kuwemo.

Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887, kuadhimisha miaka 50 ya Malkia Victoria kitini. Msomaji wa leo atauliza: kwa nini malkia wa Kiingereza apewe hospitali katika mji wa Sayyid Barghash, wakati Zanzibar ilikuwa bado haijawekwa chini ya himaya ya Uingereza? Jibu liko kwa wafanyabiashara wa Kihindi wenyewe. Wengi wao walihesabiwa raia wa Uingereza kwa kuwa nchi yao ilikuwa chini yake, na kesi na madai yao yalikwenda kwa balozi wa Kiingereza. Kumtukuza malkia kulikuwa heshima, na kulikuwa pia busara ya biashara.

Ujenzi ulichukua miaka 7, na miaka hiyo ilikuwa ya misukosuko. Barghash alifariki 1888. Akafuata Khalifa bin Said, naye akafariki 1890, mwaka ule ule himaya ya Waingereza ilipotangazwa. Akafuata Ali bin Said hadi 1893, kisha Hamed bin Thuwaini. Masultani wanne, jengo moja. Tharia mwenyewe alikuwa amerudi Bombay, na huko akafariki mwaka 1891 bila kuona kazi yake ikimalizika. Mjane wake, Lady Janbai, ndiye aliyeisimamia hadi ikakamilika 1894.

Miaka miwili baadaye, asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zililipiga makombora kasri la Sultani kwa muda usiotimia saa moja. Kasri lile lilikuwa pwani hii hii, mwendo mfupi kutoka hapa. Jengo letu lilibaki wima. Lakini lilikuwa bado halina mgonjwa hata mmoja.

Mlango unafunguliwa: 1899 na 1900

Mwaka 1899 jengo liliuzwa. Lilinunuliwa na fungu la mali ya Haji Nasser Nurmohamed, Khoja Ithnasheri, kwa ajili ya kazi ya kheri. Mwaka uliofuata dispensari ikaanza kazi.

Makhoja wa Zanzibar walikuwa zamani jamaa moja. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 waligawanyika: waliobaki kumfuata Aga Khan ni Waismailia, waliojitenga na kushika njia ya maimamu kumi na wawili ni Ithnasheri. Mgawanyiko wa aina hiyo huacha vidonda, hasa pale ndugu wanapogawana misikiti na makaburi. Na bado jengo la upande mmoja likawa sadaka ya upande wa pili, tena sadaka kwa kila mtu. Kwa historia ya mji wetu, hilo lina uzito kuliko mbao zote zilizochongwa.

Mpango wa wenye jengo ulikuwa rahisi na wa akili. Ghorofa ya chini iliwekwa kwa ajili ya wagonjwa, na daktari akakaa humo humo jengoni. Ghorofa za juu zikagawanywa makazi. Chini dawa, juu nyumba. Ndoto ya hospitali ilipunguzwa ikawa dispensari, na kupunguzwa huko ndiko kulikoifanya iweze kuishi.

Tuingie ndani

Kwa nje jengo limelingana kushoto na kulia, roshani zikiwa zimepandana juu ya mlango. Kazi ya mbao ni ya mkono wa Kihindi, wa upande wa Gujarat. Plasta iliyofinyangwa maua na mashada imeazima Ulaya. Lakini gamba hilo ukilibandua, chini yake utakuta nyumba ya Kizanzibari kama jirani zake: kuta nene za mawe ya matumbawe zilizoshikwa kwa chokaa, na sakafu za juu zilizobebwa na boriti za mikoko. Boriti ndizo zinazoamua ukubwa wa chumba katika Mji Mkongwe. Mti wa mkoko haukupi zaidi ya mita tatu hivi zilizonyooka, kwa hiyo hata tajiri aliyeikodi forodha nzima alilala katika chumba chembamba kama cha mwenzake asiye na kitu. Alichoweza kuongeza ni urefu wa kwenda juu, na nakshi.

Katikati kuna ua wa ndani uliofunikwa juu, unaopata mwanga wake kutoka paani. Ghorofa zimeuzunguka kwa vibaraza vya mbao, hivyo aliye juu akiinama anamwona aliye chini. Hapo ndipo ujanja wa jengo ulipo. Upepo wa bahari huingia kwa mbele, hewa ya moto hupanda uani na kutoka juu, na chini panabaki baridi hata mwezi wa Februari, wakati joto la Unguja linapomtoa mtu ndani ya nguo zake. Mwenye homa anayesubiri zamu yake hahitaji kuelezwa faida ya jambo hilo.

Alasiri, jua likianza kuinamia baharini, vioo vya rangi hufanya kazi yao. Buluu, kijani na nyekundu hulala sakafuni, zikapanda ukutani taratibu kadiri jua linavyoshuka. Nimesimama pale nikatazama doa la kijani likipanda mguu wa nguzo, na nilichowaza ni watoto. Mtoto anayengoja dawa chungu huhitaji kitu cha kutazama.

Maana dawa ilikuwa chungu kweli. Kwa wasiowahi kuona dispensari ya zama hizo, kabla ya vidonge vya kiwandani kujaa, kazi ilikwenda hivi. Mgonjwa alikuja na chupa yake mwenyewe kutoka nyumbani, imeoshwa au haikuoshwa. Daktari alimwangalia ulimi, macho na mshipa wa mkono, akaandika. Karatasi ikaenda kwa kompaunda, aliye nyuma ya meza na mizani yake midogo, kinu na mchi, na mitungi ya kioo iliyopangwa kwa majina ya Kilatini. Kompaunda alipima unga, akasaga, akachanganya na maji, akatikisa. Kisha alikata kipande kirefu cha karatasi chenye meno ubavuni, akakibandika kwenye chupa: jino moja, dozi moja. Asiyejua kusoma alihesabu meno. Sijui kama leo tuna maelekezo ya dawa yaliyo wazi kuliko hayo.

Kwinini ya maji ilikuwa mfalme wa chupa hizo, kwa kuwa homa ya malaria haikuwa na msimu. Chumvi ya haluli na mafuta ya mbarika vilisafisha matumbo. Aidini ilipakwa kwenye vidonda, na mwenye kupakwa aliuma meno. Kompaunda hakuitwa daktari na jina lake halikuandikwa ukutani, lakini katika dispensari yoyote ya pwani yeye ndiye aliyejulikana na watu, kwa sababu yeye ndiye aliyewaambia kwa Kiswahili: kijiko kimoja asubuhi, kimoja usiku, na usimpe jirani.

Ukimya: 1964 hadi 1990

Sehemu hii ni fupi kwa kuwa jengo lenyewe lilinyamaza. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia nyingi za Kihindi ziliondoka Zanzibar, wenye jengo wakiwa miongoni mwao, na mali ikaingia mikononi mwa serikali. Matibabu nayo yakawa jukumu la serikali, bila malipo, katika hospitali na vituo vyake. Dispensari ya hisani haikuwa na nafasi katika mpango huo.

Nyumba ya chokaa isiyokaliwa haichelewi kufa. Bati likitoboka mahali pamoja, maji hufuata ukuta, chokaa hulegea, ncha ya boriti iliyo ndani ya ukuta huoza, na sakafu nzima hukaa ikingoja siku yake. Ndivyo nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilivyoanguka katika miaka ya 1970 na 1980. Serikali ilianzisha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe mwaka 1985, wakati ambapo kwa baadhi ya nyumba tiba ilikuwa imechelewa. Kwa Dispensari ilikuwa bado haijachelewa.

Mafundi wanarudi: 1990 na kuendelea

Mwaka 1990 jengo lilikabidhiwa kwa mkataba kwa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, taasisi iliyoundwa 1988. Hapa duara linafunga kwa namna ambayo mtunzi wa hadithi asingethubutu kuibuni: Khoja wa Kiismailia alijenga, Khoja Ithnasheri akatoa dawa, na taasisi ya Imamu wa Waismailia ikaja kuliponya jengo.

Kazi yenyewe ilitaka subira. Kuta za matumbawe hazipatani na saruji. Saruji hufunga unyevu ndani, chumvi ikakosa pa kutokea, na ukuta ukapukutika nyuma ya plasta inayoonekana nzima. Ikabidi kurudi kwenye chokaa. Mbao zilizooza zilichongwa upya kwa kufuata zilizobaki, kipande kwa kipande, na plasta ya mapambo ikafinyangwa upya. Faida yake ilizidi jengo moja, kwa sababu mafundi wa hapa waliozirudia mbinu za kale walibaki nazo mikononi. Jengo lilifunguliwa tena katika miaka hiyo ya 1990 kama Kituo cha Utamaduni cha Mji Mkongwe, likiwa kati ya majengo ya mwanzo mjini kukarabatiwa kwa ukamilifu. Mfuko huo huo uliendelea na kazi nyingine Unguja, na mwaka 2009 bustani ya Forodhani ikafunguliwa upya. Mji Mkongwe wote uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000.

Naomba kusema jambo moja hapa. Katika maelezo mengi ya jengo hili, roshani hupewa kurasa na wagonjwa hupewa mstari. Ukarabati uliokoa mbao, na tunashukuru. Lakini ghorofa ya chini ndiyo iliyolipa jengo jina, na jina hilo ndilo lililolifanya lipendwe na watu ambao hawakuwahi kupanda ngazi zake.

Miaka ya kukumbukwa

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1869–1870 | Kipindupindu chaua maelfu Zanzibar |
| 1876 | Tharia Topan achukua ijara ya forodha |
| 1887 | Jiwe la msingi la hospitali ya maskini lawekwa |
| 1891 | Tharia Topan afariki Bombay |
| 1894 | Ujenzi wakamilika chini ya usimamizi wa mjane wake |
| 1899 | Jengo lauzwa kwa fungu la mali ya Haji Nasser Nurmohamed |
| 1900 | Dispensari yaanza kazi ghorofa ya chini |
| 1964 | Mapinduzi. Jengo laingia mikononi mwa serikali |
| 1990 | Lakabidhiwa kwa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni |
| 2000 | Mji Mkongwe waingia Urithi wa Dunia |

Kwa msomaji mwenye wazee wa Malindi, Kiponda, Shangani au Ng'ambo: fungueni masanduku. Chupa yenye karatasi ya meno, cheti cha dawa, picha ya bibi amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, hata jina tu la kompaunda linalokumbukwa na mtu mmoja. Msivitupe, wala msimuuzie mtalii. Vipelekeni ofisi ya Nyaraka za Zanzibar, Kilimani, mkaombe vitolewe nakala, kisha mrudi navyo nyumbani.